Asilimia Ileile, Plastiki Mbili: Joto Linavyopanga Minyororo ya PET

Kila aliyekaa hosteli walau semista moja ameshaliona hili. Maji yamechemka kwa hita, chupa ya chai imeazimwa na watu wa chumba cha tatu, basi mtu anachukua chupa tupu ya maji ya dukani na kumimina chai humohumo. Chupa inanywea. Inafupika, kiuno kinaingia ndani, kitako kinapinda, chai inapanda mpaka inamwagika mezani. Halafu utasikia: "Imeyeyuka hiyo!"

Haijayeyuka. Plastiki ile huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hadi 260 za Selsiasi, na maji ya Dar es Salaam hata ukiyachemsha mpaka asubuhi hayavuki 100. Isitoshe, hebu iangalie shingo ya chupa ileile. Hesi za kufungia kifuniko zipo, shingo haijanywea kama tumbo lilivyonywea. Plastiki ni moja, imetoka kwenye mashine moja, imekutana na chai moja. Mbona tumbo limekufa na shingo imenusurika?

Nipo mwaka wa nne, uhandisi wa kemikali, na mradi wangu wa mwisho umenikalisha maabara na vipande vya chupa kwa miezi kadhaa. Nimegundua kwamba ukiweza kulijibu swali la shingo na tumbo, umeshaielewa sehemu kubwa ya kile tunachofundishwa kuhusu joto na fuwele kwenye polima. Na wengi wetu tunatoka kwenye kozi ile tukiwa na jibu moja tu la kukariri: "ukiipasha joto, fuwele zinaongezeka". Ni kweli, lakini kweli yenyewe ni ya nusu, na nusu iliyobaki ina hasara yake, kama nitakavyoeleza mbele.

Tuanze na jina. Plastiki yenyewe ni polietilini tereftaleti, kwa kifupi PET, ile yenye namba 1 ndani ya pembetatu kwenye kitako cha chupa. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, nao hawakuwa na habari ya chupa; walikuwa wanatafuta uzi wa nguo. Wazee wetu waliovaa suruali za tetroni zenye mkunjo usiokufa walikuwa wamevaa plastiki hiihii. Chupa zilikuja baadaye sana, baada ya mhandisi Nathaniel Wyeth wa kampuni ya DuPont kule Marekani kupata hataza yake mwaka 1973. (Huyu ni ndugu wa mchoraji Andrew Wyeth. Familia nyingine zina bahati.) Nataja nguo kwa sababu mkunjo ule wa tetroni nao ni kazi ya joto: kitambaa kimekunjwa, kikapashwa moto mkali kiwandani, fuwele zikajipanga zikiwa kwenye umbo la mkunjo, na maji ya kufulia hayana joto la kuzibomoa.

Fuwele zenyewe ni nini

Chumvi ni fuwele, sukari ni fuwele. Chembe zake zimejipanga safu kwa safu, na mpango huo unajirudia kila upande. Molekuli ya PET haiwezi kujipanga kirahisi hivyo, kwa sababu ni mnyororo mrefu. Kipande kimoja kinachojirudia kwenye mnyororo kina urefu wa nanomita 1 na kidogo, na mnyororo mmoja wa PET ya chupa una vipande zaidi ya 100. Sasa chukua mabilioni ya minyororo ya namna hiyo, iyeyushe, iache ivurugane. Ni kama lundo la ukili kabla mama hajaanza kusuka mkeka. Kila ukivuta mmoja unakokota na mwingine.

Plastiki hiyo ya moto ukiipoza ghafla, minyororo inagandia palepale ilipokuwa, imevurugika vilevile. Hali hiyo huitwa amofasi, yaani bila mpango. Plastiki inakuwa ngumu, angavu kama kioo, lakini ndani hakuna safu hata moja. Ukiipoza polepole, baadhi ya minyororo inapata muda wa kujilaza sambamba. Haijilazi yote kwa urefu wake. Inakwenda kidogo, inajikunja, inarudi, kama kamba ya manila unavyoikunjia kiganjani kwenda na kurudi. Jambo hili la kujikunja halikukubalika kirahisi mpaka Andrew Keller wa Bristol alipoonyesha fuwele nyembamba za polietilini mwaka 1957. Bapa hizo huitwa lamela, na unene wake kwa kawaida ni nanomita 10 hivi. Linganisha na mnyororo wenye nanomita zaidi ya 100 ukinyooshwa, utaona kwamba hapana budi ujikunje, au upite lamela moja, uchungulie nje, uingie nyingine.

Hizo sehemu zinazochungulia nje ndizo zinazozuia PET isiwe fuwele tupu. Mnyororo ulioshikwa huku na kule hauwezi kujipanga katikati. Ndiyo maana hata ukiitendea wema namna gani, PET hufika nusu hivi au zaidi kidogo ya nusu, basi. Kinachobaki ni amofasi iliyobanwa katikati ya bapa, na hiyo ndiyo inayoipa plastiki ulaini wa kutovunjika kama sahani.

Namba nne za kukaa nazo kichwani

Nyuzi 75 hivi: hapa ndipo minyororo ya amofasi inapoanza kuwa na uhuru wa kusogea. Vitabu huita mpito wa kioo. Chini yake plastiki ni ngumu, juu yake inalegea kama mpira. Nyuzi 120 hadi 140: ukiipasha polepole PET ya amofasi, hapa huanza kujipanga kwa nguvu. Nyuzi 170 hadi 180: hapa kujipanga ni kwa kasi kuliko kwingine kote. Na 250 hadi 260, kila kilichojipanga kinavunjika.

Kwa nini kasi ina kilele katikati, isiwe tu "moto zaidi, haraka zaidi"? Hapa wengi hujikwaa kwenye mtihani, na naona ni kwa sababu tunapewa mlinganyo kabla ya maelezo. Fuwele inahitaji mambo mawili: minyororo iweze kusogea, na ikishatulia iwe na faida ya kubaki imetulia. Ukikaribia nyuzi 75 minyororo ina kila sababu ya kujipanga lakini haina nafasi ya kusogea. Ipo kama abiria wa daladala la saa kumi na moja jioni, hata mkono hauinuki. Ukikaribia 250 inasogea kwa raha zake, lakini kila kifungu kinachotulia kinatikiswa na joto na kuvunjika kabla hakijakua. Katikati ya hizo mbili, vyote vinapatikana. Kwa PET, kwenye kilele hicho muda wa kufika nusu ya safari hupimwa kwa sekunde na dakika. Kwenye nyuzi 100 utangoja muda mrefu, na ndiyo maana chai haiifanyi chupa kuwa nyeupe.

Nyeupe? Ndiyo, tufike hapo.

Kipande cha shingo na kipande cha tumbo

Niliwahi kufanya jaribio dogo ambalo namshauri kila mwenye ruhusa ya kutumia tanuri la maabara alifanye. (Narudia: tanuri la maabara, lenye feni ya kutoa hewa. Si jiko la mama lishe.) Kata kipande cha shingo ya chupa, pale palipo nene. Kata na utepe kutoka tumboni. Viweke vyote kwenye tanuri la nyuzi 150 kwa nusu saa hivi, kisha vitoe.

Shingo inatoka nyeupe kama nyama ya nazi. Huoni ng'ambo. Ukiikunja inakatika kwa mlio mkavu. Utepe wa tumbo unatoka umesinyaa, umejikunja pembeni kama jani kavu, lakini bado unaonekana ng'ambo, na ukiukunja unakunjika.

Tumbo la chupa lina fuwele kabla hata hujaligusa. Wenye viwanda huanza na kichupa kinene kama testi tyubu, wanakiita prifomu. Prifomu hupozwa haraka kwa maji baridi ili ibaki amofasi. Baadaye hupashwa kwa taa za miale ya joto mpaka nyuzi 100 hivi, juu kidogo ya mpito wa kioo, halafu chuma kinaivuta kwa urefu na hewa ya mgandamizo mkubwa inaipuliza kwa upana, mpaka eneo la ngozi yake linakua mara 10 na zaidi. Minyororo iliyokuwa lundo la ukili inanyooshwa. Ikishanyooshwa haihitaji kungoja joto iliyoshauriane nalo. Inalala sambamba yenyewe, na fuwele zinazaliwa papo hapo kwa kuvutwa. Tumbo la chupa huwa na fuwele asilimia 25 hadi 30.

Shingo haikupulizwa. Mashine imeishikilia tu. Kwa hiyo shingo ni amofasi, haina fuwele za kutajika, na pia haina mvuto uliofungiwa ndani. Sasa chai inakuja na nyuzi zake 90. Tumboni, zile sehemu za amofasi zilizonyooshwa na kugandishwa zikiwa zimenyooka zinapata uhuru, na kama mpira uliovutwa, zinarudi zilikotoka. Chupa inanywea. Shingoni nako plastiki inalegea, hata ukiibana kwa koleo utasikia imelegea, lakini hakuna kitu kilichokuwa kimevutwa, kwa hiyo hakuna cha kurudi. Basi hilo ndilo jibu la hosteli.

Lakini ona jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa. Shingo ile ukiitoa tanuri mapema kidogo inaweza kuwa na fuwele asilimia 28, na tumbo nalo asilimia 28. Kwenye jedwali la ripoti ni namba moja. Kwenye mkono wako moja ni nyeupe na inavunjika, nyingine ni angavu na inakunjika. Tofauti iko kwenye ukubwa na namna zilivyozaliwa. Fuwele za joto tupu, bila kuvutwa, huanzia kwenye kiini kimoja na lamela zake husambaa pande zote, zinafanya kitu cha mviringo kinachoitwa sferulaiti. Sferulaiti ikishafikia ukubwa wa mawimbi ya mwanga, yaani nanomita 400 hadi 700 na kuendelea, mwanga hauwezi tena kupita moja kwa moja. Unatawanywa kila upande, na jicho linaona weupe, kama linavyoona weupe kwenye maziwa. Fuwele zilizozaliwa kwa kuvutwa ni ndogo mno kulinganisha na mawimbi hayo. Mwanga unapita kana kwamba hazipo.

Kwa hiyo mtu akikuambia "sampuli yangu ina asilimia 30", muulize: kwa njia gani? Asilimia ni jibu la swali la kiasi tu.

Viwanda vinaijua tofauti hii na vinaichezea. Chupa ya juisi inayojazwa ikiwa bado ya moto, nyuzi 85 na zaidi, ingekufa kama chupa ya hosteli, ndiyo maana hupulizwa ndani ya kalibu lenye joto la nyuzi 120 hadi 140 na kushikiliwa humo kidogo. Minyororo iliyokuwa imevutwa inapata nafasi ya kupumua, fuwele za tumbo zinaongezeka, na kwa kuwa zilianza zikiwa ndogo zinabaki ndogo. Chupa inabaki angavu na haikunjiki kwa juisi. Shingo nayo? Baadhi ya chupa hizo shingo hupashwa makusudi mpaka inakuwa nyeupe, ili ikutane na moto bila kulegea. Ukiona chupa ya juisi yenye shingo nyeupe usidhani ni plastiki nyingine. Na ukitazama katikati ya kitako cha chupa nyingi za maji utaona kidoti chenye ukungu: hapo ndipo plastiki ya moto ilipoingilia, palikuwa pamoto kuliko kwingine, pamechelewa kupoa, na fuwele zimepata nafasi.

Kupima bila kujidanganya

Njia rahisi ni densiti. PET ya amofasi ina gramu 1.333 kwa sentimita moja ya ujazo, fuwele tupu ni 1.455, kwa sababu minyororo iliyojipanga inabanana. Unatumbukiza kipande kwenye neli ndefu ya kimiminika kilichochanganywa ili kiwe kizito chini na chepesi juu, kipande kinazama mpaka kinaning'inia panapolingana nacho. Tuseme kimesimama kwenye 1.365. Toa 1.333, unapata 0.032, gawa kwa 0.122, ambayo ni tofauti ya zile mbili, unapata asilimia 26 kwa ujazo. Ni njia ya kizamani lakini naipenda, kwa sababu haikipashi moto kile unachokipima.

Njia ya pili ndiyo tunayoitumia wengi: DSC, mashine inayopasha sampuli ndogo ya miligramu chache, tuseme nyuzi 10 kwa dakika, na kurekodi joto linaloingia na kutoka. Ukifika 250 fuwele zinayeyuka, zinanywa joto, grafu inachora kilele. Eneo la kilele hicho ukiligawa kwa jouli 140 kwa gramu, ambazo ndizo huhesabiwa kwa PET ya fuwele tupu, unapata asilimia yako.

Mtego uko hapo. Sampuli ya amofasi haifiki 250 ikiwa amofasi. Njiani, kwenye 130 hivi, inajipanga yenyewe ndani ya mashine, inatoa joto, grafu inachora kilele cha upande wa pili. Fuwele hizo zilizozaliwa ndani ya mashine ndizo zinazokuja kuyeyuka 250 pamoja na zile za awali kama zilikuwepo. Tuseme kuyeyuka kumekupa jouli 50 kwa gramu. Ukigawa kwa 140 unapata karibu asilimia 36, unaandika, unafurahi. Kumbe kilele cha njiani kilikuwa jouli 33. Toa kwanza: 50 kasoro 33 ni 17, gawa kwa 140, asilimia 12. Ni sawa na kuhesabu waliohudhuria lekcha kwa karatasi ya saini iliyopitishwa mwishoni, wakati nusu yao wameingia profesa akifuta ubao. Nimeshaona ripoti za mradi zenye kosa hili zikipita na alama nzuri, na sijui nani wa kulaumiwa zaidi, aliyeandika au aliyesahihisha.

Kuna kitu kingine DSC inakionyesha ambacho ndicho kilichonifanya niipende. Lamela nyembamba huyeyuka mapema kuliko nene. Sasa ukiiweka PET kwenye tanuri la joto fulani kwa saa kadhaa, fuwele ndogondogo zinazoweza kustahimili joto hilo hukua katikati ya zile kubwa. Ukija kuipima, kabla ya kilele kikubwa cha 250 utaona kijilima kidogo, na kijilima hicho hukaa nyuzi 10 hadi 20 hivi juu ya joto la tanuri. Yaani plastiki inakumbuka ilikolala. Hata ikipoa, hata ipite miezi, ukiipasha itakutajia.

Marobota matatu ya makopo

Binamu yangu mmoja na wenzake watatu wana karakana ndogo. Wananunua makopo ya maji kutoka kwa waokotaji kwa kilo, wanatoa vifuniko na lebo, wanasaga, wanaosha. Chenga zikiuzwa hivyohivyo bei ni ya kutupa. Zikiyeyushwa na kukatwa punje bei inapanda. Lakini huwezi kuyeyusha PET yenye unyevu. Kwenye nyuzi 280 za mashine ya kuyeyusha, maji kidogo tu yaliyonywewa na plastiki yanakata minyororo vipandevipande, na unachopata ni uji usio na nguvu. Inatakiwa unyevu ushuke chini ya asilimia 0.005, na kwa hilo chenga hukaushwa kwenye nyuzi 160 hadi 170 kwa saa kadhaa.

Wakatengeneza ngoma ya kukaushia kwa pipa na koili za umeme. Wakajaza chenga za marobota matatu, wakaweka kidhibiti kwenye 160, wakaenda kulala. Asubuhi wakafungua wakakuta jiwe. Zima, lenye umbo la pipa. Akanipigia simu.

"Dogo, wewe si ndiyo unasomea haya mambo? Mbona imeshikana kabla hata ya kuyeyuka?"

"Shikamoo kaka. Hiyo ngoma mlikuwa mnaizungusha?"

"Marahaba. Izungushwe ya nini, si kukausha tu?"

Fikiria kilichokuwa ndani ya lile pipa. Chenga za tumbo zina fuwele, zinastahimili. Chenga za shingo na vitako ni amofasi, na zikishavuka 75 zinakuwa kama ubani, kila moja inagandia jirani yake. Zikiendelea kupanda zinaanza kujipanga, na hapo zinafanya mambo mawili kwa pamoja: zinaganda zikiwa zimeshikana, na zinatoa joto. Katikati ya pipa lisilokorogwa joto hilo halina pa kutokea. Linaongezeka juu ya lile la koili. Ndiyo maana viwanda vikubwa vina hatua nzima kabla ya kukausha: chenga hupashwa huku zikikorogwa bila kusimama mpaka zote ziwe nyeupe, na chenga nyeupe haigandi tena kwenye 160 kwa sababu fuwele zake zinaishikilia kama kiunzi. Baada ya hapo ndipo zinaachwa zikauke kwa utulivu. Kukoroga ndiko kunakofanya zijipange zikiwa zimetengana.

Nikamwomba anikatie vipande viwili vya lile jiwe, kimoja cha pembeni na kimoja cha katikati, anitumie kwa basi. Nikavipitisha kwenye DSC kwa ruhusa ya msimamizi wangu. Cha pembeni kilikuwa na kijilima kwenye 196. Cha katikati, 209. Maana yake hata pembeni, pasipo joto la ziada, pipa halikuwa kwenye 160 kama kidhibiti kilivyosema. Lilikuwa zaidi ya 175. Nikampigia nikamwambia kipimajoto chake kinadanganya.

"Umejuaje, na hukuwepo?"

Nikamwambia plastiki ndiyo iliyosema. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mashine hiyo inaweza pia kumwambia ni nani kati ya wenzake aliyeiacha ile waya ya kipimajoto nje ya pipa badala ya kuitumbukiza ndani ya chenga. Nikamjibu kwamba kwa hilo aite kikao.

Jiwe wamelipasua kwa nyundo na kulisaga upya, wala hawakupoteza chote: chenga zilezile sasa ni nyeupe, zimeshajipanga, na hazigandi. Tatizo lililobaki ni kwamba zimekaa usiku mzima kwenye moto mkali zikiwa bado na unyevu, kwa hiyo sehemu ya minyororo itakuwa imekatika. Minyororo mifupi hujipanga haraka kuliko mirefu, inavurugana kidogo. Mtu akitaka kuzigeuza prifomu, hata akizipoza kwa maji ya barafu zitatoka na ukungu. Nilimshauri punje hizo aziuze kwa watengeneza nyuzi, ambako hakuna anayetaka kuona ng'ambo, na bei ya chupa aisubirie kwa awamu ijayo. Ngoma wameifungia mpini. Wanaizungusha kwa mkono, kwa zamu, mpaka chenga ya mwisho ya shingo iwe nyeupe.